Kubeba bastola ya kujilinda Texas: mwongozo kamili kwa mhamiaji, kuanzia karatasi hadi mahakamani

Tangu tarehe 1 Septemba 2021, Texas inamruhusu mtu mwenye miaka 21 na zaidi kubeba bastola hadharani bila leseni, mradi hana kizuizi cha kisheria. Habari hiyo ilienea haraka kwenye makundi ya WhatsApp ya Wakenya, Watanzania na Wakongomani wa Houston, Dallas na Abilene. Ile "mradi" ndiyo iliyobaki njiani.

Matokeo yake ni makosa yale yale kujirudia. Mtu anamnunulia binamu yake bastola kwa sababu binamu hana karatasi. Mwingine anakwenda kuchukuliwa alama za vidole za uraia akiwa na bastola kwenye begi. Dereva wa lori anasimamishwa New Jersey na bastola aliyoinunua kihalali kabisa Fort Worth. Hakuna hata mmoja wao aliyekosea kulenga. Wote walikwama kwenye karatasi, mlango, mpaka au mdomo, na humo ndimo mwongozo huu unamokaa kwa muda mrefu zaidi.

Ni wa Texas peke yake. Bunge la jimbo hukutana katika miaka ya witiri, na sheria zake nyingi huanza kutumika 1 Septemba ya mwaka huo huo, kwa hiyo kila baada ya tarehe hiyo kagua upya. Wala hauchukui nafasi ya wakili. Wakili utamkuta kwenye orodha ya vifaa hapa chini.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Hati zako za uraia au uhamiaji ambazo hazijaisha muda, pamoja na kitambulisho cha Texas chenye anwani unayoishi sasa.
- Bastola moja unayoimudu mkononi. Ndogo kupita kiasi huruka sana na ni ngumu kwa anayeanza.
- Holsta (ala ya kubebea bastola) ngumu inayofunika triga yote, na mkanda imara wa kuishikilia. Holsta ya kitambaa laini hujikunja, na mkunjo unaweza kuivuta triga.
- Kisanduku cha chuma chenye kufuli na waya wa kukifunga kwenye fremu ya kiti cha gari. Kingine cha nyumbani.
- Dawa ya pilipili ya kupuliza. Kopo dogo linalouzwa kwa ajili ya kujilinda ni halali Texas, na mikwaruzano mingi ya mtaani haistahili kitu kizito kuliko hicho.
- Tochi, na mkanda wa kuzuia damu kama ule wa watoa huduma ya kwanza. Jifunze kuufunga kwa mkono mmoja.
- Namba za mawakili wawili, wa jinai na wa uhamiaji, zimeandikwa kwenye karatasi. Baada ya tukio simu yako inaweza kuchukuliwa kama ushahidi, na namba zilizomo zikaenda nayo.

## Hatua ya 1: Hakikisha unaruhusiwa hata kuigusa

Hapa ndipo wengi huruka, kwa sababu wanasoma sheria ya Texas na kusahau ya shirikisho. Sheria ya shirikisho ndiyo inayoamua nani anaweza kumiliki bunduki yoyote Marekani, na haiangalii jimbo lako lina ukarimu gani. Adhabu ya kumiliki ukiwa umekatazwa inafika miaka 15 jela.

Kwa upande wa uhamiaji, hali iko hivi. Raia na mwenye green card (kibali cha ukaazi wa kudumu), wakiwemo walioipata kwa bahati nasibu ya viza, wanaruhusiwa. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi na mtu aliyepewa hifadhi hawamo kwenye katazo la viza za muda. Mwenye viza ya mwanafunzi, ya utalii au ya kazi ya muda amekatazwa. Kuna misamaha michache, kama leseni halali ya uwindaji, lakini usiiegemee kabla ya kuzungumza na wakili. Aliyeishiwa na viza au asiye na karatasi amekatazwa kabisa.

Wanafunzi, nisikilizeni hapa. "Kumiliki" hakumaanishi kuwa na risiti. Kuishika ya rafiki kwenye uwanja wa shabaha kunatosha, na picha uliyoipandisha TikTok ni ushahidi ulioutengeneza mwenyewe.

Baada ya uhamiaji yanakuja mambo mengine: kuwahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa (feloni), kuwahi kutiwa hatiani kwa kosa dogo la kumpiga mke, mume au mzazi mwenzako, au kuwa chini ya amri ya mahakama ya kumlinda mwenza. Hilo la mwisho lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani kwa kesi ya Rahimi, iliyotoka hapa hapa Texas, na mwaka 2024 mahakama ikalithibitisha katazo. Bangi nayo imo. Hata ukiwa umeivuta kihalali Colorado, fomu ya kununulia bunduki inakuuliza kuhusu bangi waziwazi na inakukumbusha kwamba sheria ya shirikisho bado inaikataza.

Texas nayo ina orodha yake kwa wanaobeba bila leseni. Ukiwa umetiwa hatiani ndani ya miaka 5 iliyopita kwa kumjeruhi mtu, kutishia kwa namna inayoitwa na sheria tishio la kigaidi, au kufyatua ama kuonyesha bunduki hadharani ili kutisha watu, huruhusiwi.

Umefaulu ukiweza kuweka mezani hati inayothibitisha hadhi yako, na huna swali hata moja hapo juu la kujibu kwa "inategemea". Likiwepo la "inategemea", simama hapo mpaka wakili aseme.

## Hatua ya 2: Nunua kwa jina lako, kwa ajili yako

Dukani utajaza fomu namba 4473 ya ATF, idara ya shirikisho inayosimamia bunduki. Jaza polepole. Kama Kiingereza chako hakijakaa sawa, nenda na mtu wa kukutafsiria kila swali, maana uongo kwenye fomu hii ni kosa la shirikisho hata kama ulitokana na haraka.

Swali la uraia ndilo lenye mtego. Mwenye green card anayeandika kuwa ni raia wa Marekani, iwe kwa kutoelewa au kwa kuona aibu, amedai uraia asio nao. Dai hilo peke yake linaweza kumfukuzisha nchini. Andika uraia wako halisi, weka namba yako ya A (namba ya uhamiaji iliyo kwenye green card), basi.

Mtego wa pili ni "ninunulie tu, nitakurudishia hela". Anayenunua kwa niaba ya mtu aliyekatazwa anatenda kosa ambalo tangu 2022 lina kifungu chake maalumu, na adhabu yake inafika miaka 15. Undugu hauondoi kosa. Binamu akikuomba, mjibu kwamba hutaki nyote wawili mrudi nyumbani kwa ndege moja.

Texas inaruhusu kununua dukani, na hata kununua kwa mtu binafsi bila ukaguzi wa rekodi ya mnunuzi. Mimi nakushauri duka. Ukinunua mtaani hujui kama namba ya bastola hiyo iko kwenye orodha ya zilizoibwa.

Umefaulu ukitoka na risiti yenye jina lako, na namba ya bastola umeinakili mahali tofauti na bastola yenyewe.

## Hatua ya 3: Chukua leseni ya LTC ingawa hulazimishwi

Leseni ya kubeba bastola, LTC, hutolewa na Idara ya Usalama wa Umma ya Texas (DPS). Ada yake ni dola 40. Kuna mafunzo ya darasani ya saa 4 hadi 6, ambayo unaweza kuyafanya mtandaoni, kisha mtihani wa kupiga shabaha ana kwa ana: risasi 20 kwa yadi 3, 20 kwa yadi 7 na 10 kwa yadi 15. Pointi zote ni 250, na 175 zinatosha. Alama za vidole huchukuliwa, na wenye malimbikizo ya matunzo ya mtoto yaliyothibitishwa hukataliwa.

Kwa nini uhangaike wakati jimbo linasema si lazima? Sababu nzito kuliko zote ni shule. Sheria ya shirikisho inakataza bunduki ndani ya futi 1,000, kama mita 305, kutoka kwenye eneo la shule, na adhabu inafika miaka 5. Hebu tazama ramani ya Houston au Dallas uone kama kuna njia ya kwenda kazini isiyopita karibu na shule. Mwenye leseni ya jimbo husika amesamehewa. Asiye nayo anatakiwa awe na bastola isiyo na risasi ndani ya kisanduku kilichofungwa. Kwa maneno mengine, mzazi anayempeleka mtoto shuleni na bastola kiunoni "kwa sababu Texas imeruhusu" anavunja sheria ya shirikisho kila asubuhi.

Sababu nyingine ni kwamba majimbo mengi huitambua LTC ya Texas hata pale ambapo hawamtambui asiye na leseni.

Mtihani wa shabaha ni mwepesi, nawe usijidanganye kwamba ukiupita umeiva. Fanya mazoezi ya kuchomoa kutoka kwenye holsta nyumbani, bastola ikiwa tupu na risasi ziko chumba kingine. Kisha rudi uwanjani mara kwa mara. Kila risasi inayokosa inakwenda mahali, na ukimjeruhi mpita njia kwa uzembe, sheria ya Texas inakunyima kinga ya kujihami kwa kosa la kumjeruhi huyo asiyehusika.

## Hatua ya 4: Beba sawasawa mwilini, garini na nyumbani

Mwilini. Bastola inayoonekana lazima iwe ndani ya holsta. Iliyofichwa sheria haidai holsta, lakini wewe idai. Mwaka 2008 Plaxico Burress, mchezaji wa New York Giants, aliichomeka kiunoni bila holsta akaingia klabu ya usiku Manhattan. Ikateleza, akajipiga risasi pajani. Leseni aliyokuwa nayo ilikuwa ya Florida na ilishaisha muda, akahukumiwa miaka 2. Holsta ingegharimu kidogo kuliko hapo.

Ficha. Kubeba wazi ni halali, ila kunakufanya wa kwanza kulengwa, na mwanamume Mwafrika mwenye bastola wazi dukani huvuta simu nyingi za 911.

Pombe. Kubeba hadharani ukiwa umelewa ni kosa. Siku ya sherehe, harusi au mchango wa msiba ambako chupa zitafunguliwa, iache kwenye sefu.

Garini. Isionekane, isipokuwa iwe kwenye holsta. Usiwe unatenda uhalifu mwingine zaidi ya kosa dogo la trafiki. Kwenye kiti cha abiria au dashibodi, hapana.

Ukisimamishwa na polisi, washa taa ya ndani, mikono juu ya usukani. Mwenye LTC aliyebeba analazimika kuonyesha leseni pamoja na kitambulisho anapotakiwa ajitambulishe. Sema kwanza kwa mdomo, kabla mkono haujasogea, kwamba una leseni na bastola iko wapi, kisha uliza afisa anataka ufanye nini. Usianze na neno "gun". Anza na neno "license".

Kazini. Tangu 2011 mwajiri wa Texas kwa kawaida hawezi kukukataza kuacha bastola yako halali ndani ya gari lako lililofungwa kwenye maegesho yake, ila ndani ya jengo anaweza kukuzuia. Uber na Lyft huwakataza madereva na abiria kubeba. Ukikutwa hutafungwa kwa hilo, lakini akaunti inafungwa.

Nyumbani. Mtoto wa chini ya miaka 17 akiifikia bastola yenye risasi kwa uzembe wako, umetenda kosa, na ikifyatuka ikaua au kujeruhi vibaya, kosa linapanda daraja. Chini ya godoro na juu ya kabati si mahali pa kufichia. Watoto wanajua.

## Hatua ya 5: Soma mlango kabla ya kuushika

Ifanye tabia: mguu mmoja nje, macho kwenye kioo cha mlango. Tafuta namba 30.05, 30.06 na 30.07. Ya kwanza inawazuia wanaobeba bila leseni, ya pili wenye leseni wanaoficha, ya tatu wenye leseni wanaobeba wazi. Zile za 30.06 na 30.07 zimeandikwa Kiingereza na Kihispania kwa herufi zisizopungua inchi moja. Kiswahili hakipo, na kutojua lugha hakutakusaidia.

Ukiingia licha ya tangazo, kwa kawaida ni faini isiyozidi dola 200. Ukiambiwa kwa mdomo utoke ukabaki kubishana, kosa linapanda hadi lenye kifungo kinachofika mwaka mmoja. Basi ukiambiwa, sema asante na utoke. Ubishi uache kwa siku nyingine.

Kuna milango ambayo haina mzaha. Baa inayopata asilimia 51 au zaidi ya mapato yake kwa pombe inayonywewa hapo hapo hubandika tangazo kubwa jekundu la 51%. Kuingia humo na bastola ni feloni, miaka 2 hadi 10. Majengo ya shule, mahakama, vituo vya kupigia kura, sehemu ya uwanja wa ndege iliyopita ukaguzi na michezo ya ligi au ya shule za sekondari, yote yamekatazwa. Hospitali na nyumba za kutunzia wazee nazo zichukulie hivyo hivyo. Wauguzi na wahudumu wetu wengi wanafanya kazi humo, na bastola inaachwa kwenye kisanduku cha gari.

Ofisi za shirikisho ni kundi la peke yake: uhamiaji, Social Security, mahakama za shirikisho. LTC haikusaidii chochote mle. Siku ya miadi ya uhamiaji bastola ibaki nyumbani, hata garini isiwepo, kwa sababu huna haja ya kueleza jambo lolote siku ile zaidi ya faili lako.

Kanisa au msikiti? Texas inaruhusu tangu 2019, isipokuwa wenye nyumba ya ibada wameweka tangazo au wamekwambia usibebe. Waulize wazee wa kanisa au imamu kabla, wasije wakaigundua wewe ukiwa umesujudu.

## Hatua ya 6: Madereva wa lori, mpaka wa jimbo ni ukuta

Oklahoma, Arkansas na Louisiana ni rahisi. Mbele ya hapo usikisie. New York, New Jersey na California haziitambui LTC ya Texas. New Jersey, kubeba bastola bila kibali chao ni kosa la miaka 5 hadi 10, na miezi 42 ya mwanzo bila msamaha.

Sheria ya shirikisho inakulinda ukipita tu, kutoka mahali unapoimiliki kihalali kwenda mahali pengine unapoimiliki kihalali. Masharti yake ni haya: bastola haina risasi, bastola na risasi haviko karibu na mkono, na kama gari halina buti, viwe ndani ya kisanduku kilichofungwa ambacho si droo ya dashibodi wala ya katikati ya viti. Ulinzi huu ni wa kupita. Mzigo ukishushwa Newark, New Jersey, ukalala hapo siku mbili, ulinzi unaanza kuyumba. Tena kampuni nyingi za malori zina katazo lao kwenye mkataba. Ushauri wangu kwa anayeendesha njia za kaskazini mashariki ni mfupi: iache Texas.

Laredo na El Paso, usivuke daraja kwenda Mexico hata na risasi moja iliyosahaulika mlangoni mwa gari. Mabango makubwa yako pale kwa sababu watu huingia jela kwa risasi moja.

## Hatua ya 7: Jua ni lini, na ni lini kabisa sivyo

Kanuni ya Adhabu ya Texas, kifungu 9.31, inaruhusu nguvu pale unapoamini, kwa imani ambayo mtu wa kawaida mwenye busara angekuwa nayo, kwamba nguvu hiyo inahitajika papo hapo dhidi ya nguvu haramu ya mwenzako. Kifungu 9.32 kinaongeza sharti kwa nguvu ya kuua: mwenzako awe anatumia au anajaribu kutumia nguvu ya kuua, au awe anataka kutenda mauaji, utekaji nyara wa kikatili, ubakaji au unyang'anyi wakati ule ule.

Maneno "papo hapo" ndiyo yanayowafunga watu. Aliyekupiga akageuka na kukimbia hakutishii tena. Aliyesema "nitakuja kukuua kesho" hajakupa ruhusa leo. Na matusi peke yake, hata ya rangi yako, hata ya mama yako, kifungu 9.31 kimeyataja wazi kwamba hayatoshi.

Hulazimiki kukimbia kwanza, mradi una haki ya kuwepo pale, hukumchokoza na hutendi uhalifu. Hapa tena karatasi zinarudi: aliyekatazwa kumiliki bastola anatenda uhalifu kwa kuwa nayo tu, na sehemu ya kinga hii inaanza kumponyoka kabla ya ugomvi. Kifungu kinakwenda mbali zaidi. Ukimfuata mtu "kuongea naye" juu ya tofauti zenu huku umebeba bastola isivyo halali, umepoteza haki ya kudai kujihami.

Hata mwenye leseni asijione amekingwa. Mwaka 2010 huko Huffman, nje kidogo ya Houston, zimamoto mstaafu aliyekuwa na leseni alikwenda kwa jirani kulalamikia kelele za sherehe, bastola mkononi mmoja na kamera mkononi wa pili. Alikuwa kwenye simu na 911 akisema anahofia maisha yake na kwamba anasimama kwenye haki yake. Kisha akaua mtu mmoja na kujeruhi wengine. Maneno ya sheria aliyajua yote, na video ikaonyesha ni yeye aliyetoka kwake kuufuata ugomvi. Alihukumiwa miaka 40. Hukumu ikatenguliwa kwa kasoro za maelekezo kwa wazee wa baraza, akashtakiwa upya, akapata kifungo cha maisha.

Garini na kazini sheria inakuongezea uzito. Mtu akivunja kwa nguvu kuingia kwenye gari, nyumba au biashara uliyomo, au akijaribu kukutoa humo kwa nguvu, imani yako inachukuliwa kuwa ya busara tangu mwanzo. Hiyo inamgusa dereva anayenyang'anywa gari na karani wa kituo cha mafuta. Barabarani kwa miguu, huna kianzio hicho.

Je, mali? Texas ni maarufu kwa kifungu 9.42, kinachoweza kuruhusu nguvu ya kuua kuzuia wizi wa usiku. Masharti yake ni mengi, na baraza la watu 12 litaamua kama ulikuwa na njia nyingine. Kumpiga risasi kijana anayekata bomba la moshi la Toyota yako saa nane usiku kunaweza kukugharimu nyumba yote kwa wakili, hata ukishinda. Bima ipo kwa kazi hiyo.

Kuionyesha bastola bila kufyatua je? Kifungu 9.04 kinasema kuitoa ili mwenzako ajue utaitumia ikibidi si nguvu ya kuua, lakini ni halali tu pale ambapo nguvu ingekuwa halali. Kuinua shati foleni ya barabara kuu ili mwenye pickup aone kitako cha bastola hakumo. Kumwelekezea mtu bila haki ni shambulio kwa silaha ya kuua, miaka 2 hadi 20.

Umefaulu hatua hii kama siku nzima imepita, umetukanwa, umepigiwa honi, na hakuna aliyejua umebeba nini.

## Hatua ya 8: Dakika baada ya risasi

Hatari ikiisha, sogea mahali salama karibu na hapo. Rudisha bastola kwenye holsta kabla polisi hawajafika, maana wanaofika hawajui nani ni nani. Piga 911 wewe mwenyewe, hata kama wengine wameshapiga. Sema mahali ulipo, kwamba umeshambuliwa, kwamba inahitajika ambulensi, na umevaa nini. Halafu nyamaza juu ya mengine. Simu hiyo inarekodiwa.

Polisi wakifika, mikono wazi, tii kila amri, hata ukilazwa chini na kufungwa pingu. Waonyeshe mashahidi na vitu ambavyo vingepotea: kisu kilichoangukia chini ya gari, kamera ya duka. Usihamishe kitu.

Kisha useme sentensi hii, kwa Kiingereza, kama ilivyo: "I am invoking my right to remain silent, and I want a lawyer." Maana yake: naitumia haki yangu ya kukaa kimya, na nataka wakili. Kukaa kimya tu hakutoshi. Katika kesi ya Salinas dhidi ya Texas, iliyoanzia Houston, mshukiwa aliyekwenda kituoni kwa hiari alijibu maswali mengi, akanyamaza alipoulizwa kama maganda ya risasi yangelingana na bunduki yake. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ilikubali ukimya ule utumike dhidi yake, kwa kuwa hakuwahi kutamka kwamba anaitumia haki yake.

Omba mkalimani wa lugha unayoota nayo. Wakongomani wengi huletewa wa Kifaransa kwa sababu ya nchi yao, wakakubali kwa adabu, maelezo yakapinda. Kama lugha yako ni Kiswahili au Kibembe, itaje. Na kama si raia, una haki ya kuomba ubalozi wako ujulishwe kwamba umekamatwa. Mkimbizi amuulize wakili kwanza kabla ya kuwaita aliowakimbia.

Ndugu wakija kituoni, usiwasimulie kilichotokea, na wasiandike kwenye kundi la WhatsApp. Simu za mahabusu zinarekodiwa.

## Hatua ya 9: Kesi, na faili la uhamiaji linalosubiri nyuma yake

Kifo kikitokea, mara nyingi kesi hupelekwa mbele ya baraza kuu la raia linaloamua kama kuna mashtaka. Ikifika mahakamani na ushahidi wa kujihami ukaonekana, ni mwendesha mashtaka anayetakiwa kuukanusha pasipo shaka yoyote ya msingi.

Hatari ya mhamiaji huja kwa sura ya huruma. Mwendesha mashtaka atatoa ofa: kiri kosa dogo la kubeba silaha, hakuna jela, nenda nyumbani. Kwa raia inaweza kuwa ofa nzuri. Kwa mwenye green card, kutiwa hatiani kwa kosa la kubeba au kumiliki bunduki kinyume cha sheria kunaweza kuwa sababu ya kufukuzwa nchini, haijalishi ni dogo kiasi gani. Tena usitegemee mpango wa kukiri bila hukumu kuandikwa: mahakama za uhamiaji mara nyingi huuhesabu kama hukumu.

Tangu kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky ya mwaka 2010, wakili wako wa jinai analazimika kukushauri juu ya hatari ya kufukuzwa kabla hujakiri. Wengi hawajabobea huko, kwa hiyo mpigie yule wa pili kwenye karatasi yako. Muulize hivi, na usitie saini kabla ya jibu la maandishi: "Nikikiri kosa hili, kwa kifungu hiki hiki, green card yangu inabaki, na siku nikiomba uraia nitajibu nini?"